Ndala Iliyosafiri na Ufuta

Neema na wenzako wa ghalani, siku mliponiaga mlinipa daftari na kalamu tatu, mkasema niandike kazi ilivyokuwa. Kalamu moja imechukuliwa na mjukuu, ya pili haiandiki, kwa hiyo haya yote yameandikwa na ya tatu, na siwezi kuahidi urefu. Vyeo sitaviandika. Nilipata viwili, na kimoja kilikuwa kosa la mchapaji ambalo hakuna aliyejisumbua kulisahihisha. Mshahara ni uleule mnaoulalamikia ninyi. Nitaandika mengine.

Siku ya kwanza nilifika ghalani, hapo hapo Singida mjini, nimevaa sketi nyeupe. Ilikuwa sketi yangu ya kanisani, na mama yangu kule Ikungi alikuwa ameipiga pasi mara mbili kwa sababu mtoto wake amepata kazi ya ofisini. Hakuna aliyetuambia kwamba ofisi yenyewe ni meza moja katikati ya magunia. Saa nne asubuhi sketi ilikuwa na rangi ya mashudu ya alizeti. Mzee Chilewa, mkaguzi mkuu, alinitazama juu mpaka chini.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Umekuja kufanya kazi au kubatizwa?"

Basi huyo ndiye aliyenifundisha. Alizaliwa Kilimatinde, kule juu kilimani, na mama yake alikuwa akifua mashuka ya hospitali. Utotoni mwake aliona sindano nyingi kuliko majembe, na nadhani ndiyo maana alishika bambo kama daktari. Ninyi sasa bambo mnalijua, lakini daftari hili linaweza kusomwa na wengine: ni chuma kirefu chenye ncha, kimepasuliwa ubavuni, ukikichoma kwenye gunia punje zinateremka ndani yake mpaka kiganjani kwako. Mzee Chilewa hakusema "chukua sampuli". Alisema "mpige sindano".

"Gunia ni mgonjwa asiyejieleza," aliniambia siku hiyo. "Mchome juu, katikati na chini. Ukimchoma juu tu atakudanganya, kama watu wote waliopendeza kwa juu." Akaitazama sketi yangu tena.

Alinifundisha kutia ufuta ndani ya kopo na kulitikisa sikioni, maana mchanga una sauti yake. Alinifundisha kuuma punje kwa meno ya mbele: iliyokauka inakatika, yenye maji inabonyea. Na ukibaki na wasiwasi, mimina kiganja kimoja kwenye bakuli la maji, koroga, umwage taratibu. Kinachobaki chini ni shamba la mtu. Mashine zimekuja baadaye, na mimi ni wa kwanza kuzisifu, lakini umeme ukikatika bakuli halikatiki.

Kosa langu la kwanza kubwa nililifanya wiki ya tatu. Alikuja mzee mmoja wa Mkalama na magunia manne ya alizeti. Nikapiga sindano gunia la pili, bambo likagonga kitu: kong! Nikajaribu upande mwingine: kong! Nikapandisha sauti ghala zima lisikie, "Huyu ametia chuma aongeze uzito!" Watu wakakusanyika. Tukalimwaga gunia, na ndani yake kikatoka kichwa cha jembe.

Yule mzee alipiga magoti akalishika kwa mikono miwili kama mtoto aliyepotea. "Jembe langu! Mke wangu tangu siku ya kupura ananiambia nimelinywea pombe!" Akanishika mkono, akanishukuru, akaniombea kwa Mungu nipate mume mwema. Sijapata kuona aibu tamu namna ile.

Mzee Chilewa alisubiri watu waondoke. "Binti, unaruhusiwa kusema gunia limechafuka. Mwenye gunia usimseme. Gunia likitukanwa halilii, ila mtu atakwenda nalo tusi lako mpaka kijijini kwao." Nikasema nimeelewa. Nilielewa nusu. Ile nusu nyingine niliielewa miaka mingi baadaye, kwa gharama ya watu wengine, na huko ndiko ninakokwenda.

Miaka ya mwanzo tuliuza karibu karibu. Kisha ufuta ukaanza kutafutwa na Wachina, na ghala likabadilika. Kampuni yetu ikaletewa mwakilishi wa wanunuzi, kijana mwembamba mwenye kofia pana, jina lake Lin. Mkutano wa kwanza wa kumtambulisha kwa wakulima tuliufanya Ulemo, kule Iramba, kwa sababu kikundi cha Ulemo kilikuwa kinalima ufuta mzuri kuliko wote tuliokuwa tunaupokea. Mwenyekiti wao alikuwa Bi Halima, mama wa makamo, sauti kama kengele ya shule, mtu ambaye hata mbuzi wa jirani hawakuthubutu kupita shambani kwake. Meneja wetu alisimama akasema mnunuzi mpya amepatikana.

"Mnunuzi mwenyewe ni nani?" akauliza Bi Halima.

"Ni Lin."

"Sikuuliza lini. Nimeuliza nani."

"Ndiyo, mama. Lin."

"Meneja, hata wewe hujui siku?"

Wakaendelea hivyo kwa muda ambao mimi na Mzee Chilewa tulikuwa tumeinamisha vichwa, mabega yakitikisika. Mwishowe Lin mwenyewe akasimama, akavua kofia, akajigusa kifuani. "Lin ni mimi. Shikamoo."

Mkutano mzima ukapasuka kwa kicheko, na kuanzia siku hiyo alikuwa mtu wetu. Tatizo lilikuwa hiyo shikamoo. Alikuwa ameambiwa Dar es Salaam kwamba ni salamu ya heshima, naye kwa kuwa mtu wa heshima aliitoa kwa kila mtu. Aliwaamkia wapagazi. Alimwamkia mtoto wa darasa la tatu aliyekuja kuuza karanga, na mtoto akajibu "Marahaba" bila kupepesa macho, akampunguzia bei. Mimi alinibatiza Mama Bambo, na jina hilo ndilo lililonishika mpaka nastaafu. Kuna watu katika mji huu wanaodhani nimezaliwa nalo.

Lin alishangaa kwamba wakulima wengi wa ufuta hawauli. Alituonyesha kwenye simu jinsi kwao wanavyousaga ukawa uji mzito, wanavyoukamua mafuta, wanavyounyunyiza juu ya mikate. Bi Halima alizitazama picha hizo kwa makini akasema, "Kumbe mambo yote haya yalikuwa stoo kwangu."

Mzee Chilewa naye alikuwa na hesabu yake, isiyo ya kuandika. Siku moja kabla hajastaafu alitembea nami ghala zima akinyooshea kidole. Mzani: umetoka kwao kina Lin. Turubai: kwao. Uzi na sindano ya kushonea: kwao. Gunia lenyewe: kwao. Bambo jipya linalong'aa: kwao. "Unaona binti? Gunia likiwa tupu ni lao, likijaa ni lao. Letu ni pale katikati tu." Akacheka sana, akaenda zake Kilimatinde kufuga kuku, na mimi nikabaki na meza yake.

Sasa nije kwenye ndala.

Wanunuzi wa kule walikuwa wameleta masharti, na mojawapo lilikuwa kwamba mtu yeyote anayeingia ghalani avae buti. Mimi ndiye niliyelibandika tangazo lile ukutani. Mimi ndiye niliyewafukuza wapagazi mlangoni wakavae buti. Na mimi, mwenye kinundu kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto, nilikuwa na ndala za kijani kwenye droo ya meza, ambazo nilizivaa kila mchana buti likinishinda. Ukanda wa kushoto ulikuwa umekatika, nikaushona mwenyewe kwa uzi wa magunia. Nilikuwa nazitoa kwa siri kama mtu anayetoa chupa.

Mchana ule tulikuwa na ufuta wa Ulemo. Ulikuwa umeshapita kwenye chekeche, umemwagwa juu ya turubai, kilima cheupe kinachong'aa, ukisubiri kutiwa kwenye magunia ya safari. Nilitaka sampuli ya katikati. Bambo halikufika. Mkaguzi mwenye akili angeomba ngazi, mimi nilipanda. Hatua ya tatu mguu ulizama mpaka gotini, nikateleza, nikashuka kwa makalio mpaka chini, na nilipojikagua nilikuwa na ndala moja.

Nilichimba kwa mikono. Nilichimba kweli, msinidhanie vibaya mapema. Lakini ufuta ni kama maji: ukichimba hapa unajaa hapa. Saidi, msimamizi wa wapagazi, akaita kutoka mlangoni, "Mama, magari yamefika! Wajazaji waanze?"

Hapo ndipo palipo na kazi yote ya mkaguzi, wanangu. Si kwenye bambo. Ningesema, "Subirini, nimepoteza ndala." Wangecheka, tangazo langu la ukutani likawa utani wa mwaka, tukachekecha upya, magari yakasubiri mpaka kesho. Nikajiambia wajazaji watakiona tu kitu kikubwa namna ile. Nikasema, "Waanze." Nikavaa buti, nikaitupa ndala ya kulia nyuma ya choo, na jioni nikajaza fomu kwa mwandiko wangu huu huu. Penye "Kitu kigeni" nikaandika: "Hakuna." Nikatia sahihi.

Wajazaji hawakuona kitu. Wiki moja nikawa na wasiwasi, wiki ya pili ukapungua, wiki ya tatu nikawa nimeshajisadikisha kwamba mbwa wa mlinzi ndiye aliyeichukua. Akili ya mtu inajua kupika.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Lin akaingia ofisini kwa meneja bila kuamkia mtu yeyote, tukajua kuna jambo. Tukaitwa, mimi na Saidi. Kwenye simu yake palikuwa na picha kutoka bandarini kwao: gunia limepasuliwa, ufuta umemwagika, na juu yake, imelala kwa raha zake, ndala yangu ya kushoto.

"Mzigo wote umezuiwa," akasema Lin. "Wanasema wakulima wanatia takataka ili kuongeza uzito."

"Magunia ya nani?" akauliza meneja.

Lin akasoma alama. "Ulemo."

Meneja hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye haraka. Palepale akasema Ulemo waondolewe kwenye orodha, msimu ujao ufuta wao usipokelewe, barua iandikwe leo. Akanigeukia. "Mama Bambo, wewe ulisaini. Wamekuficha vipi?"

Nikasema, "Sijui."

Neno moja tu. Nikarudi kwenye meza yangu nikakaa, na nikakaa hivyo siku tatu. Hizo siku tatu ndizo nilizofanya kazi vibaya kuliko zote katika maisha yangu, kwa sababu sikukosea; nilijua. Nyumbani mume wangu aliniuliza kama tumbo linauma. Nikasema ndiyo. Akanichemshia maji ya tangawizi, nikanywa uongo wangu wa moto.

Siku ya tatu Bi Halima alishuka kwenye basi la asubuhi. Alikuja peke yake, kanga mbili na mfuko wa karatasi, akaketi kwenye benchi la wakulima na kusema haondoki mpaka aione hiyo takataka yao. Meneja akatoka, Lin akatoka, Saidi akasogea, wapagazi wakajifanya wanapanga magunia.

"Shikamoo mama mwenyekiti," nikasema.

"Marahaba. Lete hiyo picha."

Lin akampa simu. Bi Halima akaisogeza mbali na macho, akaivuta karibu, akamwambia Lin aikuze. Akaitazama kama mama mkwe anavyotazama mchele uliochaguliwa na mkamwana.

"Hii si ndala ya shamba," akasema.

Meneja akaguna. "Ndala ni ndala, mama."

"Wewe una shamba?" Hakumsubiri ajibu. "Ndala ya shamba huisha vidoleni, kwa sababu ya kupanda na kushuka matuta. Hii imeliwa kisigino. Huyu mtu anasimama kwenye saruji kutwa nzima. Halafu tazama ukanda. Umeshonwa kwa uzi mweupe ule wenu, wa mashine. Sisi Ulemo ndala ikikatika tunatia msumari kwa chini, basi. Huo uzi tungeutoa wapi?" Akamrudishia Lin simu. "Mwenye ndala hii yumo humu ndani."

Akaanza kutazama miguu. Alianza na ya Saidi, akaenda kwa wapagazi mmoja mmoja. Kila aliyefikiwa alirudi nyuma kidogo. Meneja naye akakamata njia hiyo mpya kwa haraka ileile. "Basi ni wapagazi! Saidi, nilikwambia watu wako hawavai buti! Nani alikuwa zamu siku ile? Huyo leo ndiyo mwisho wake."

Saidi akafungua mdomo. Aliniangalia mimi. Sijui mpaka leo kama alikuwa anajua, hajapata kuniambia na sijapata kumuuliza. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa nimevaa buti, na ndani ya buti kile kidole kilikuwa kinapiga kama moyo.

"Ni yangu," nikasema.

Hakuna aliyesikia, maana meneja alikuwa bado anapayuka. Ikabidi nirudie, na kukiri mara ya pili ni kugumu kuliko mara ya kwanza. "Meneja, ndala ni yangu. Nilipanda juu ya ufuta, ikazama, nikajua imezama, nikasaini."

Lin akaitazama simu, akatazama mguu wangu, akaitazama simu tena. Kisha bila kukusudia akaniuliza swali ambalo halikuwa na msaada wowote, "Ya kulia iko wapi?"

"Nyuma ya choo."

Mpagazi mmoja akapiga chafya ambayo haikuwa chafya. Bi Halima peke yake hakucheka. Alisimama, akaja mpaka mbele yangu, na sauti yake ile ya kengele ikawa ndogo. "Siku ngapi umejua tunasingiziwa?"

"Tatu, mama."

"Siku tatu umekaa na jina letu mfukoni. Kijijini wanangu wanaitwa watia takataka. Shemeji yangu ameniuliza kama ni kweli. Siku tatu, mkaguzi."

Machozi yalinitoka, nikayaacha. Akasema, "Ufuta wetu ukiiva utakuja Ulemo. Utawaambia watu wote kwa mdomo wako. Halafu utafanya kazi siku nzima." Akamgeukia meneja. "Ile barua yenu mtaifuta kwa barua nyingine. Naisubiri. Nimekuja na chakula changu." Na kweli, kwenye ule mfuko palikuwa na viazi vya kuchemsha. Alikula palepale benchini mpaka barua ikachapwa, nami ndiye niliyeichapa, na haikuwa na kosa hata moja la mchapaji.

Ya China aliyamaliza Lin. Aliomba wampigie picha soli ya ndala kwa chini, akaisoma ile alama iliyogandamizwa kwenye mpira, akakaa chini ghafla. Ilitengenezwa mji aliozaliwa. Shangazi yake alifanya kazi ya kukata soli katika moja ya viwanda vya pale. Akawaandikia wakaguzi wa bandari barua ndefu, akaomba radhi kwa niaba yetu, akaeleza kosa ni la ghala na si la mkulima. Mwishoni akaongeza mstari ambao alitutafsiria kwa Kiswahili akiwa na uso mkavu kabisa: "Kuhusu kitu kigeni kilichoonekana, tunaomba izingatiwe kwamba hapo kilipo sasa si mgeni, ni mwenyeji aliyerudi nyumbani."

Kama walicheka sijui. Walikubali mzigo uchekechwe upya kule kule kwa gharama ya kampuni, ukapita. Ndala hawakuirudisha.

Mimi nilipewa onyo la maandishi, nikaondolewa kwenye kutia sahihi, nikapelekwa Itigi kupokea asali. Watu walinipa pole kama naenda kifungoni. Lakini Itigi ilinifaa. Pale nilivaa buti bila kulazimishwa na mtu yeyote, maana nyuki hawasomi matangazo. Warina asali walileta ndoo zao kutoka vichakani, nami kazi yangu ilikuwa kutazama kama imekamuliwa safi, haina nta wala majivu ya moshi. Mmoja wao, Bwana Petro, kila nilipotumbukiza kijiko alisema, "Mama, onja vizuri, hiyo uliyoonja ni kidogo." Treni ikipita sote tulinyamaza, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuizidi kelele, kisha bei inaendelea pale ilipoishia. Nilinenepa.

Ufuta ulipoiva nikaenda Ulemo. Waliitisha kikundi kizima, wanaume upande huu, wanawake upande ule, nikasimama nikasema yote, pamoja na nyuma ya choo. Walianza kuongea Kinyiramba wenyewe kwa wenyewe. Kinyiramba na Kinyaturu changu ni ndugu wasioelewana vizuri. Nilidaka maneno kama nusu, na hiyo nusu haikuwa ya kunisifu. Kisha babu mmoja akauliza kwa Kiswahili, "Mguu unaendeleaje?" Wakacheka, na nikajua nitaishi.

Halafu kazi. Miganda ya ufuta ilikuwa imesimamishwa ikaegemeana, imekauka, vifuko vyake vimefunguka midomo. Unaubeba mganda kama unavyombeba mtoto aliyelala, kwa sababu ukiutikisa njiani unamwaga. Unaugeuza juu ya turubai, unaukung'uta. Unarudi. Kufika saa sita viganja vyangu vilikuwa na malengelenge na nilikuwa nimemwaga nje zaidi ya watu wote.

Ndipo upepo ukaja. Ni ule upepo wetu wa Singida usioomba hodi. Ukanyanyua pembe ya turubai, ukatupa vumbi la shamba zima juu ya ufuta wetu. Kuku nao wakaingia. Turubai lilikuwa na matobo mawili, na kila ulipoliburuta lilikwangua mchanga kutoka chini. Miaka yote ile nilikuwa nimeandika kwenye fomu "mchanga", neno moja, nikawarudisha watu na magunia yao kilomita zote hizo. Bi Halima alinitazama ninavyokimbizana na kuku.

"Sasa unajua unavyoingia," akasema. "Hatuutii. Unakuja wenyewe."

Nikamuuliza, "Na mkishauleta ufuta ghalani tukaukataa?"

"Tunarudi nao. Gari lilelile, nauli mara mbili. Bora mngetuambia tukiwa bado nyumbani."

Hapo ndipo lilipotoka lile kopo, Neema, ambalo ninyi mnadhani limekuwepo siku zote. Niliporudishiwa meza yangu nilimwomba meneja kwamba mkulima aruhusiwe kutuma kopo moja la ufuta kwa mtu yeyote anayekuja mjini, tulipime, tumjibu kwa simu: peta tena, anika tena, au lete. Meneja alisema makopo yatajaa ofisi. Yalijaa. Lakini magunia ya kurudishwa yakapungua, na Bi Halima msimu ule alituma la kwanza, limefungwa kwa kitambaa, limeandikwa kwa mkaa: ULEMO, HALINA KIATU.

Yaliyobaki mnayajua. Lin alihamishwa, siku ya kuondoka akaniamkia, na kwa mara ya kwanza alikuwa amemwamkia mtu anayestahili. Wewe Neema ukaja, ukiwa na buti mpya na mashine ya kupima unyevu uliyoibeba kama yai, nikakufundisha bakuli, ukanifundisha mashine. Nikastaafu. Nikaenda Ikungi kwenye ekari yangu moja nikapanda ufuta, maana nilijua kila kitu kuhusu ufuta.

Juzi mwenzenu huyu alileta gunia lake. Sikutuma kopo. Kopo ni la wakulima. Mimi ni Mama Bambo. Nilipanga foleni kwenye lile benchi, mbele yangu bwana wa Mkalama, nyuma yangu vijana wawili, na zamu yangu ilipofika Neema akainuka.

"Shikamoo mama! Karibu! Nyumbani hawajambo?"

"Marahaba, hawajambo. Nimekuja kidogo tu."

Akapiga sindano juu, katikati na chini. Nikafurahi moyoni jinsi alivyoshika mkono. Akamimina punje kwenye mashine, akasubiri, akaitazama. Akarudia. Kisha akauma moja kwa meno ya mbele, na uso wake nikaujua kabla hajasema.

"Mama, una maji."

"Haiwezekani. Nimeuanika siku nne."

"Una maji, mama."

"Labda mashine imechoka. Labda ni hewa ya asubuhi. Labda umechoma palipokaa vibaya, hebu choma hapa pembeni." Niliyasema yote, wanangu, yote niliyoambiwa na wakulima kwa miaka yangu yote, tena kwa mpangilio uleule. Hata ile ya kumkumbusha mtu wema wako nilikuwa nimeshaifungulia mdomo. Nikasema, "Neema, mimi ndiye niliye..."

Akaniangalia kwa adabu zote, bambo mkononi. "Ndiyo, mama," akasema. "Anika siku mbili zaidi. Gunia ni zuri, ila limewahi."

Vijana wa nyuma yangu walikuwa wanasubiri kuona mkubwa atafanywa nini. Nikalishika gunia langu pembe mbili. Nikamwomba anisaidie kulipandisha kwenye pikipiki, akanisaidia, tukalifunga kwa mpira, akaniaga vizuri. Pikipiki ilikuwa haijawaka bado nilipomsikia nyuma yangu, sauti imenyooka:

"Anayefuata!"